Bendera ya shule imechanika, na watoto wanakariri rangi tu

Swali: Mimi ni mlezi wa skauti katika shule ya msingi wilayani Bahi, mkoani Dodoma. Kila asubuhi tunapandisha bendera na kuimba wimbo wa taifa, lakini ukimuuliza mtoto bendera ina maana gani kwake, anakutajia rangi nne na kunyamaza. Bendera yenyewe imepauka na pembe imechanika. Isitoshe, tuna wanafunzi wawili ambao hawaimbi kwa sababu ya dini yao, na baadhi ya walimu wanataka waadhibiwe. Nianzie wapi ili bendera iwe na maana kwa kijana anayekua?

Jibu: Mwalimu, anza na kitambaa. Mtoto wa darasa la pili anaambiwa mstarini kwamba bendera ni heshima ya nchi, anainua macho, anaona kitambaa kilichochanika kinapigapiga bomba. Kati ya maneno ya mwalimu na kile anachokiona, atashika anachokiona. Kwa hiyo kuitengeneza bendera ndilo somo la kwanza, na litolewe watoto wakiwepo.

Kanda ya kati ina jua kali sehemu kubwa ya mwaka, na kiangazi, hasa kuanzia Juni hadi Oktoba, upepo mkavu wenye vumbi haupumziki. Jua hupausha rangi na kudhoofisha uzi, upepo humalizia. Ishusheni bendera yenu muitandaze juu ya meza safi, kisha waombe watoto watafute mahali ilipoanza kuharibika. Karibu kila mara watanyoosha kidole kwenye pembe ya juu iliyo mbali na mlingoti. Hapo ndipo mkanda mweusi na mistari yake miwili ya dhahabu inapoishia, hivyo mishono yote inakutana mahali pamoja. Pembe hiyo ni nzito kuliko sehemu nyingine za ukingo, na ndiyo inayochapwa zaidi na upepo. Uzi mmoja ukifumuka leo, wiki chache baadaye mstari wa dhahabu unaning'inia peke yake.

Dawa ni kuiwahi. Mara mnapoona uzi umelegea, na kabla mchaniko haujafika sentimita 2, ipelekeni kwa fundi cherehani. Mwambieni akunje pindo mara mbili, upana wa sentimita moja na nusu, apige mistari mitatu ya mshono, na arudie mshono kwenye pembe zote mbili za nje. Uzi uwe wa poliesta, kwa sababu uzi wa pamba hauhimili jua la huku. Kwenye pembe ya juu aongeze kiraka kidogo cha ndani chenye umbo la pembetatu, sentimita 5 kila upande, cha rangi ileile. Msikubali akate kipande kikubwa ili kunyoosha ukingo. Uwiano wa bendera yetu ni 2 kwa 3, yaani sentimita 60 kwa 90, au 120 kwa 180. Ukipunguza sentimita 5 au 6 kwenye urefu, mkanda mweusi hauishii tena katikati ya pembe, unaonekana umekatwa njiani. Ikifika hapo, au kijani kikishakuwa kama majani makavu, tafuteni mpya. Bendera ya Taifa haishonwi au kuchapishwa na mtu yeyote anavyotaka. Pitieni halmashauri, nao watawaelekeza kwa Mpigachapa Mkuu wa Serikali. Waulizeni hapohapo utaratibu wa kuiondoa ile ya zamani, na katika kusubiri ikunjwe na kuwekwa kabatini. Isigeuzwe dasta wala kitambaa cha meza.

Kuna kosa moja la fundi ambalo mnapaswa kulikagua kila bendera inaporudi kutoka kushonwa. Upande unaopita kamba ukichakaa, fundi hushona mwingine, na asipokuwa makini anaushona upande usiokuwa wake. Wafundishe watoto kipimo hiki: kijani kiwe juu na kiguse mlingoti, bluu iwe chini, upande wa nje, mkanda mweusi uanzie chini kwenye mlingoti na kupanda kwenda juu. Ukiona bluu ndiyo inayogusa mlingoti, fundi amekosea upande. Ukiona kijani kimegusa mlingoti lakini kiko chini, na mkanda unashuka badala ya kupanda, fundi hana kosa, aliyefunga kamba ameifunga kichwa chini. Mtoto wa darasa la nne akilijua hili, hata akiiona bendera iliyogeuzwa kwenye hafla mjini ataitambua, na hatasahau tena rangi ipi inakaa wapi.

Mlingoti nao usisahauliwe. Urefu wa bendera uwe takriban robo ya kimo cha mlingoti: mlingoti wa mita 4 bendera ya sentimita 90, wa mita 6 bendera ya sentimita 150. Bendera kubwa kwenye mlingoti mfupi hujizungusha kwenye bomba na kuchanika. Mti wa kawaida huku huliwa na mchwa kwa chini bila mtu kujua mpaka siku unapoanguka, kwa hiyo ni bora bomba la chuma la inchi 2, lichimbiwe sentimita 70 na kumiminiwa zege la saruji 1, mchanga 2 na kokoto 4. Kamba ya nailoni ya milimita 6, urefu wake mara mbili ya mlingoti na mita moja ya ziada. Kapi la juu likigoma, usilijaze grisi, maana vumbi litaganda humo. Pini yake ipakwe nta ya mshumaa.

Sasa watoto. Shule nyingi huwaachia kazi ya bendera skauti wawili au watatu hodari, mwaka mzima, na wengine 600 wanabaki kutazama. Hapo ndipo maana inapopotelea. Kitu ambacho mtoto hajawahi kukishika hakiwi chake kwa kuimbiwa. Mwaka wa shule una wiki zipatazo 39. Ukipanga wanafunzi 4 kila wiki kuanzia darasa la nne hadi la saba, wasichana na wavulana, zaidi ya 150 watakuwa wameishika bendera kwa mikono yao kabla ya Desemba. Skauti wawe wakufunzi wao, wawafundishe Ijumaa kwa ajili ya Jumatatu. Na usiwachague wenye sare safi peke yao. Mwingize pia yule anayechelewa kila siku kwa sababu anatoka mbali au anaanzia kisimani. Mara nyingi ndiye atakayeshika zamu kwa uaminifu kuliko wote.

Kila mmoja awe na kazi yake: wa kwanza anabeba bendera iliyokunjwa, wa pili anafunga na kuvuta kamba, wa tatu anaishika isiguse ardhi mpaka iondoke mikononi, wa nne anapiga filimbi na kuangalia kama imekaa sawa. Fundo la juu lifungwe kwanza, na kusiwe na nafasi kati ya pembe ya bendera na fundo, la sivyo bendera haitafika kileleni. Inapandishwa kwa mwendo wa haraka kidogo, inashushwa polepole. Wote wengine wanasimama wima, mikono ubavuni, bila kutafuna wala kusukumana. Kosa la kawaida ni mvutaji kuharakisha au kuchelewa akijaribu kulingana na wimbo. Mpandishe kwanza, bendera ikae, kamba ifungwe, ndipo muimbe. Watoto wataimba wakiwa wametulia.

Kwa kawaida bendera hupanda saa 12 asubuhi na kushuka saa 12 jioni. Shule ya kutwa ina shida hapa, kwa sababu saa hiyo watoto wako nyumbani, na mara nyingi bendera hulala nje usiku kucha ikichapwa na upepo bure. Panga wawili wanaokaa karibu na shule pamoja na mlinzi. Ikishindikana kabisa, ni afadhali ishuke mwalimu wa mwisho anapoondoka kuliko ibaki juu gizani.

Kuhusu maana yenyewe, kila umri una mlango wake. Mwaka 1951 Jean Piaget wa Uswisi pamoja na mwenzake walionyesha kwamba mtoto wa miaka sita au saba hajui bado kwamba anaweza kuwa mtu wa mji wake na wa nchi yake kwa wakati mmoja. Ufahamu huo hukaa vizuri karibu na miaka kumi. Jaribu kwako. Muulize mtoto wa darasa la kwanza kama yeye ni wa Bahi au ni Mtanzania, wengi watachagua kimoja. Kwa hiyo kumkaririsha rangi mtoto huyo hakumdhuru, lakini hakumfikishi popote. Mchoreeni duara kwenye mchanga wa uwanja: kitongoji, nje yake kijiji, nje yake kata, wilaya, mkoa, kisha duara kubwa la Tanzania, na bendera muichomeke kwenye duara kubwa. Asimame katikati, na rafiki yake asimame ndani ya duara la mkoa mwingine. Waulize bendera ni ya nani kati yao. Hilo linatosha kwa darasa la kwanza na la pili.

Darasa la tatu na la nne wana tatizo jingine, na walimu wengi hawalioni. Bendera ambazo mtoto wa kijijini anaziona kila siku si ya Taifa. Ni za matawi ya vyama vya siasa, zimefungwa kwenye miti mirefu karibu na kijiwe cha bodaboda, pamoja na za Simba na Yanga. Kijani na njano cha chama au cha timu kinamchanganya kabisa. Waache wachore bendera zote wanazozijua, kisha wazipange: hii ya timu, unaweza kuwa nayo au kuikataa; hii ya chama, mtu mzima anajiunga au anajitoa; na hii moja ni ya wote, wa Simba na wa Yanga, wa chama hiki na kile. Simamia jambo hili bila kupepesa, mwalimu. Mtoto akiamini kwamba bendera ya Taifa ni ya chama fulani, siku atakapochukia chama hicho ataichukia na nchi yake.

Kwa darasa la tano ndipo rangi zinapopata uzito, ila ziletwe nyumbani. Bluu ni maji: bahari, maziwa na mito. Mtoto wa Bahi hajaiona bahari, lakini anaijua mbuga ya Bahi inapofurika, amesikia bwawa la Hombolo na la Mtera, na akifika Singida mjini ataona ziwa Singidani na Kindai. Kijani ni ardhi na mimea, na kwenu hiyo ni mtama, uwele, alizeti na mizabibu, kijani kinachodumu miezi michache tu ya mvua na kwa hiyo watu wa huku wanakithamini. Dhahabu ni madini. Sekenke, wilayani Iramba, dhahabu imechimbwa tangu enzi za Wajerumani. Nyeusi ni wananchi, na hapa kaa kidogo. Darasani kwako, au kwa shule za mjini Dodoma, anaweza kuwepo mtoto mwenye asili ya Kihindi au Kiarabu, au mwenye ualbino, ambaye anajitazama mkono akisikia maneno hayo. Asiachwe abahatishe. Mwambie mbele ya wenzake kwamba mkanda ule unasimama kwa wananchi wote wa Tanzania, naye yumo. Sentensi moja ya mwalimu inaweza kumwekea mtoto huyo nchi au kumnyang'anya.

Darasa la sita wajenge bendera wenyewe, kwa sababu historia yake inaonekana vizuri kwa mkasi. Tanganyika, iliyopata uhuru 9 Desemba 1961, ilikuwa na kijani, nyeusi na kijani kwa mlalo, zikitenganishwa na mistari myembamba ya dhahabu. Zanzibar baada ya Mapinduzi ya 1964 ilikuwa na bluu, nyeusi na kijani. Nchi mbili zikaungana 26 Aprili 1964, na bendera tuliyo nayo ikaanza kutumika 30 Juni mwaka huohuo. Wape karatasi za manila za rangi zote watengeneze kwanza zile mbili, kisha waulize: ungezichanganyaje bila kuacha ya mtu? Waache wabishane, na wataleta miundo mingi kabla hujawaonyesha uliochaguliwa. Vipimo vya kuutengeneza: mstatili wa sentimita 36 kwa 24, chora mstari kutoka pembe ya chini kushoto hadi ya juu kulia, utapata urefu wa kama sentimita 43. Mkanda mweusi upana wake sentimita 6 na nusu, nusu upande huu wa mstari na nusu ule, na kila mstari wa dhahabu sentimita moja na nusu. Wengi hukosea kwa kupima upana kwa wima badala ya kupima kwa pembe mraba na ule mstari, na mkanda wao hutoka mwembamba. Ni somo la hisabati pia. Waambie vilevile kwamba Zanzibar ina bendera yake tangu 2005, yenye rangi zake tatu na bendera ya Muungano ikiwa ndogo kwenye kona ya juu, ili wasishangae wakiiona kwenye runinga.

Vijana wakubwa wanahitaji watu. Alphonce Simbu, mzaliwa wa mkoa wa Singida, alishinda marathoni ya mashindano ya dunia ya riadha jijini Tokyo, Septemba 2025, kwa saa 2 dakika 9 na sekunde 48, akilingana muda na aliyemfuata hadi picha ya mstari wa mwisho ikaamua. Ilikuwa dhahabu ya kwanza ya Tanzania katika mashindano hayo. Mwanafunzi wa Bahi anaujua udongo aliokulia mtu huyo, ni udongo uleule. Anapoona bendera ikipanda Japani kwa sababu ya miguu iliyozoea vumbi la kanda ya kati, hahitaji kuelezwa sana.

Huzuni nayo hufundisha. Rais mstaafu Ali Hassan Mwinyi alipofariki 29 Februari 2024 nchi iliomboleza siku saba na bendera zikapepea nusu mlingoti. Shule nyingi zilikosea namna ya kufanya. Bendera hupandishwa kwanza hadi kileleni, ndipo inashushwa hadi katikati, na jioni inarudishwa kileleni kabla ya kushuka. Ukiivuta moja kwa moja hadi katikati, inaonekana kamba imekwama. Wafundishe mapema, maana msiba hautoi notisi.

Kuanzia darasa la saba tarajia swali gumu. Kijana atasema: kama bendera ni yetu sote, mbona zahanati ya kijiji haina dawa? Usimnyamazishe, wala usimwite mkosefu wa uzalendo. Mwambie kwamba bendera ni ya wananchi, viongozi ni watumishi wanaopita chini yake, na kwa kuwa nchi ni yake ana haki ya kuuliza. Kisha mpe njia: darasa liandike barua kwa mtendaji wa kijiji, yenye swali moja lililo wazi, tarehe na saini, na mfuatilie jibu. Kijana aliyeuliza akajibiwa, hata kama jibu halikumridhisha, anaisimamia bendera tofauti na yule aliyeogopeshwa.

Kuhusu wale wanafunzi wawili, wasiguswe. Mwaka 2013 Mahakama ya Rufani ya Tanzania ilitoa uamuzi uliowapa ushindi wanafunzi Mashahidi wa Yehova walioadhibiwa na shule yao kwa kukataa kuimba wimbo wa taifa. Na viboko vina kanuni zake: ni kwa makosa mazito, havizidi vinne, na hutolewa na mwalimu mkuu au aliyemteua, si na mwalimu wa zamu mwenye hasira. Kaa na wazazi wao uulize mipaka yao ni ipi. Kwa wengi, kusimama kimya kwa adabu wakati wengine wanaimba si tatizo, na hilo ndilo mnaloweza kuwadai. Kushika bendera wasilazimishwe. Wapeni zamu nyingine ya shule yenye hadhi ileile, mfano kengele au ufunguo wa maktaba, ili wasionekane watoro wa wajibu. Wenzao wakiuliza, jibu kwamba sheria ya nchi hii inawalinda nao pia. Walimu wanaotaka adhabu waonyeshwe uamuzi huo ofisini, faragha, kabla ya mstari wa Jumatatu.